Kufunga Chumba cha Nne

Mashine ya mtaa ya kutunzia kumbukumbu za marehemu ilikuwa moja, ila ndani imegawanywa vyumba, kila familia na marehemu wake. Siku ya kuizima na kuiwasha upya, sharti kila marehemu afunge chumba chake mwenyewe, kwa ndani. Umeme ukikatwa chumba kikiwa wazi, kumbukumbu zake huvurugika moja kwa moja.

Vyote vilikwisha kufungwa, isipokuwa cha nne, cha mumewe Bi Mkasi.

"Baba Rehema, funga basi. Unasubiriwa wewe tu."

"Enhe, kama bwana harusi!" Sauti ikacheka kwenye spika. "Nisipoamka je?"

"Utaamka, inshallah." Bi Mkasi alikwisha kumzika mara moja, na hiyo ilimtosha.

"Haya. Bismillahi, nafunga."

Fundi Tausi akahakikisha taa zote nane za vyumba zimezimika, ndipo akakata umeme. Bi Mkasi akavuta tasbihi. Baada ya nusu saa mashine ikawashwa, kisha vyumba, kimoja kimoja.

"Baba Rehema! Unanijua?"

"Nisikujue wewe? Mama Rehema, nimepumzika. Tangu niingie humu sijapumzika hivi. Mnazima tena lini?"

Miaka mitano Bi Mkasi alikuwa akimwamsha kila alfajiri, amweleze habari za wajukuu, wala hakuwahi kumuuliza kama amechoka.

"Bibi, cha nne kiko salama?" fundi akauliza, kalamu mkononi. "Niandike?"

"Ngoja kwanza, mwanangu."