Kipimo cha Doto

Ijumaa hiyo Doto aligeuka mara kumi na moja tu kati ya thelathini. Nesi Lea aliandika hesabu hiyo, akamtazama Mbuke aliyempakata mtoto. Mbuke alikuwa ameinamisha macho sakafuni. Hata Lea alipoita jina la Doto ili ajaze kadi, mama huyo alichelewa kuitika.

Jumatatu ya wiki hiyo Mbuke alikuwa amemleta Kulwa, pacha wa Doto, akasema hawezi kuwabeba wote wawili siku moja. Kulwa aligeuka mara ishirini na sita.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Redio kaseti ilirudia "pa, pa, pa". Ikibadilika kuwa "ba", mtoto aliyesikia tofauti aligeukia sanduku, na mwanasesere aliyekuwa ndani akapiga ngoma. Mtafiti Ambrosi alikileta kipimo hicho cha usikivu kutoka masomoni mwaka 1978, akawa anazunguka nacho zahanati za Mbeya mpaka bonde la Usangu. Kila mtoto aliyepimwa alipewa kopo la maziwa ya unga.

Lea aliwahi kumwuliza kama haifai kila mtoto apimwe mara mbili. Ambrosi alijibu kwamba petroli haitoshi, na sikio la mtoto halibadiliki kati ya Jumatatu na Ijumaa.

"Watazame mapacha hawa," alisema sasa. "Tumbo moja, ziwa moja, lakini mmoja mwepesi, mwenzake mzito. Kipimo kimewatenganisha."

Lea aliamini. Mwezi uliotangulia mwanawe, Yohane, alipata tisa. Ambrosi alimwambia kwa upole kwamba mtoto huyo atachelewa kusema, na shule itamshinda. Jailos, mumewe, aliposikia alisema mtoto wa namna hiyo akalelewe na bibi yake kule Chunya. Lea hakubisha, kwani ile tisa aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Wiki hiyohiyo alimwachisha Yohane ziwa, akampeleka. Tangu hapo hakuwa amekwenda kumwona.

Miezi mitatu baadaye, daktari mmoja wa Iringa alikubali kumtibu Doto masikio. Lea na Ambrosi wakafunga safari hadi nyumbani kwa Mbuke, ng'ambo ya Rujewa. Walimkuta anapepeta mchele, Kulwa kaketi mkekani kando yake. Ambrosi alieleza habari hizo njema, kisha akauliza Doto yuko wapi.

Mbuke aliweka ungo chini. Aliwaomba kwanza wasimkasirikie. Alisema siku zile maziwa yalikuwa yamemkauka, na kopo moja lisingemfikisha mtoto popote.

"Doto tulimzika kabla hamjaja kupima, nesi," alisema. "Jumatatu nilimleta Kulwa. Na Ijumaa nilimleta Kulwa."