Jeki ya Sikudhani

Kisanduku cha vifaa vya pancha kilikataa kukamilika. Spana ya magurudumu Sikudhani aliikuta kwa seremala, pampu walikuwa nayo watoto wanaocheza mpira, na gundi ya viraka ilikuwa imekauka kama jiwe ndani ya kopo. Na kesho alikuwa na safari, njia ile ile ya porini iliyomlaza garini wiki iliyopita.

Ilibaki jeki. Mtaa mzima ulijua kuazima, kurudisha hakuna anayejua. Akaenda kwa jirani yake, Mama Tabu, aliyekuwa ameiazima, amekunja uso.

"Leo siondoki bila jeki yangu," alisema hata kabla ya kukaribishwa.

Mama Tabu hakubisha. Akampeleka chumbani alikolala baba yake, Mzee Shomvi. Jeki ilikuwa mvunguni, upande wa kichwani, imekibeba kitanda.

"Akilala chini pumzi zinambana," alisema Mama Tabu.

"Si uweke matofali?"

"Tofali halipandi wala halishuki. Mchana tunamshusha apumzishe mgongo, usiku tunampandisha."

Mzee akafumbua macho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Itoe tu. Nitakaa kitako mpaka urudi."

Sikudhani akasonya. Hasira ilikuwa bado imemkaba, na sasa hakuwa na wa kumtupia. Akapiga magoti, akaingiza mkono mvunguni, akashika mpini. Jeki ilikuwa imelegea na kitanda kimeinama upande mmoja.

Akaanza kuzungusha, na kichwa cha mzee kikapanda taratibu, kikafika usawa wa dirisha.