Fuko na Mteremko wa Nyati

Miaka mingi nyati waliukanyaga mteremko hata ukawa mgumu kama sakafu. Fuko akaanza kuutoboa, shimo baada ya shimo.

“We kipofu!” Nyati alifoka. “Utamporomoshea mwanangu udongo huko bondeni!” Akaanza kuyafukia mashimo.

“Bwana mkubwa, mvua ikija itapita wapi?”

“Ilikopita enzi za babu zangu!”

“Enzi hizo palikuwa na nyasi.”

Nyati alikuwa amefukia nusu ya mashimo mvua kubwa iliponyesha. Pale alipofukia, maji yaliporomoka yakang'oa hata mawe. Pale alipobakiza, maji yalizama mashimoni, na ndama wake aliyelala chini ya hapo hakuguswa hata kwato.

Nyati akamwendea Fuko, ambaye nyumba yake nzima ilijaa maji, akainamisha pembe.

“Mzee Fuko, nionyeshe pa kukanyaga.”