Mwenzake Zabibu Nyeupe

Yudita aliosha vyombo vya hoteli miaka tisa, na leo alitahiniwa ili awe mhudumu wa mvinyo.

"Dada, mvinyo huu wa zabibu nyeupe unaendana na chakula gani?" aliuliza mtahini.

Yote aliyokariri yakamtoka. Akaonja. Uchachu ukamkunja uso kama ndimu, na kwao ndimu ilikuwa na mwenzake mmoja tu.

"Dagaa wa kukaanga, mzee."

Mtahini akacheka mpaka akashika meza. Yudita akaenda jikoni, akarudi na sahani ya dagaa wa moto. Mtahini akatafuna mmoja kwa dharau, akashushia funda la mvinyo. Akachukua wa pili.

Sahani ilipobaki nusu, Yudita akauliza, "Samahani, mzee, nimefaulu?"

Mtahini, mashavu yamemjaa, akainua kidole kinachong'aa mafuta: subiri kwanza.