Msamaha wa Mheshimiwa

"Amerudi! Amesimama pale na mtoto wake!"

Nkirote aligeuka, kijiko cha uji mkononi. Mlangoni hapakuwa na mtu ila Mukamana, mwenzake wa kazi kutoka Kongo, amekumbatia mablanketi ya kutandika. Alipoona anatazamwa, akaenda zake.

"Hakuna mtu, Mheshimiwa. Kula kidogo."

Makao yale ya wazee ya Coon Rapids, huku ughaibuni, yalikuwa na wagonjwa wa kila aina, lakini waziri alikuwa mmoja tu. Torvald Hegdal alianza na umeya wa mji mdogo huko Norwe, akaingia bungeni, akapanda hadi uwaziri. Uzeeni binti yake, aliyeolewa huku, akamleta. Sasa yote yalishamtoka kichwani, isipokuwa saini moja. Aliitia kuirudisha Kongo familia ya wakimbizi, ingawa mama mtu alimpigia magoti kwenye korido, mtoto mgonjwa mgongoni. Walipofika tu, mtoto akafa. Jina lake mzee alilisoma gazetini: Mutesi.

"Nitamtazamaje Mungu," alilia kila siku, "na yule mama hajanisamehe?"

Woi, Nkirote alikuwa akirudi nyumbani na kilio kile masikioni.

Wenzake walikikwepa chumba hicho. Mukamana peke yake alikiomba, na Nkirote aliona ni wokovu tu. Tena mwanamke wa watu hakuwa na makuu. Wengine pale waliitana Mama Stacy, Mama Lenny. Yeye aliitwa Mukamana basi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza habari za watoto.

Jumapili moja mchana pumzi za mzee zilianza kukatika. Binti yake alikuwa amekwama kwenye theluji huko Bloomington. Mzee akamng'ang'ania Nkirote mkono.

"Ni wewe? Umekuja?"

Kozini walifundishwa kwamba mgonjwa aliyepotewa na kumbukumbu habishiwi; unamfuata huko aliko. Nkirote akamfuata.

"Ni mimi, Mama Mutesi. Nimekusamehe. Nenda salama."

Mzee akatabasamu, akaachia mkono. Hakuvuta pumzi nyingine.

Mukamana alipoingia zamu alimkuta amefunikwa shuka. Nkirote akamsimulia yote huku akijipangusa machozi.

"Aki dada, ameenda na amani! Nilimwambia tu kwamba mimi ndiye Mama Mutesi, nimemsamehe."

Mukamana alifunua shuka, akautazama ule uso wenye tabasamu, akautazama sana, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Siku zote ninamuosha, ninatafuta nguvu ya kumujibu," akasema. "Hiyo jina ni yangu."