Dakika Arobaini kwenye Rafu ya Sheria

"Dakika arobaini kwenye rafu ya sheria. Kitabu alichofungua: hakuna." Ofisa aliyetoka Mbeya mjini aliishusha mezani fomu yenye muhuri wake. "Siku tisa mfululizo, ndugu. Huyu Masunga anakuja kukwepa jua tu. Kuanzia Jumatatu asiingie."

Safu za fomu alizipanga ofisa mwenyewe: saa ya kuingia, rafu, kitabu kilichofunguliwa, saa ya kutoka. Kwa miezi miwili mtunza maktaba ya Chimala alizijaza kwa uaminifu, akiwachunguza wasomaji bila kuondoka kitini.

Sasa aliinuka, akamsogelea Masunga, mfugaji aliyesimama mbele ya rafu ya sheria.

Kidole cha Masunga, chenye ukucha uliopasuliwa na kamba za ng'ombe, kilikuwa kikitambaa juu ya herufi zilizochapwa kwenye mgongo wa kitabu. Kilifika mwisho, kikarudi mwanzo. Midomo ilimcheza. "A, R, D... Ardhi."

"Mbona hukifungui, mzee?"

"Mwalimu wa kisomo cha watu wazima ametufikisha kwenye herufi kubwa tu, binti yangu. Za ndani ni ndogo. Nikifungua leo nitakuwa najifanya." Akatabasamu. "Hizi za nje nimezimaliza rafu mbili."

Mtunza maktaba alirudi mezani. Siku zote tisa alikuwa ameandika "hakuna" kwa mkono wake mwenyewe.

"Tia sahihi hapo chini, ili azuiwe mlangoni bila ubishi," ofisa alisema, akimpa kalamu.

Aliipokea. Kisha akavuta rula, akapiga mstari wa safu ya tano, katikati kabisa ya muhuri wa ofisa, na juu yake akaandika: "Alichosoma bila kufungua."