Fisi na Riwaya ya Mtemi Mla Ndama

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasoma vitabu kwa hiari yao, Fisi mtawala alipata habari zilizomkosesha raha. Raia wake walikuwa wakipeana riwaya kuukuu kuhusu mtemi aliyewala ndama alioapa kuwalinda. Fisi, ambaye meno yake yalikuwa bado na manyoya ya ndama, akaapa kuichoma moto.

Alipofika uwanjani na kiberiti chake, akawakuta Bundi na Kanga, ndege wawili wahakiki, wakiijadili riwaya hiyohiyo mbele ya umati.

"Fani yake ni dhaifu," alisema Bundi. "Sura nzima ya kwanza ina tashbihi kumi na nne tu."

"Kumi na tano, Mwalimu," Kanga akamsahihisha. "Umeisahau ile ya mkia."

"Samahani, walimu," akauliza Swala. "Na wale ndama je? Mbona mtemi hakushtakiwa?"

"Hayo ni maudhui," Bundi akamjibu kwa upole. "Tutayafikia wiki ijayo."

Umati ukaanza kupiga miayo. Wakaondoka mmojammoja, wengine wakiziacha nakala zao chini. Fisi akakitazama kiberiti, kisha akakitia kwapani.

Kesho yake akatoa amri: riwaya ifundishwe katika kila shule, na mtihani wautunge Bundi na Kanga.

Siku hizi Fisi hula ndama mchana kweupe, mbele ya lango la shule, na wanafunzi humpita wakikariri tashbihi kumi na tano.